Moshi, Mkojo na Mavi ya Chuma

Maji hayakugeuka rangi.

Tulikuwa tumesimama ndani ya chumba cha mashine ya kusaga, migongo ukutani, ofisa kutoka mkoani amebana leso puani, na wote tukitazama kichupa kilichokuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimevuta moshi wa injini kwa bomba la sindano na kuupitisha ndani ya dawa ya kupimia, kijiko kimoja tu, kwa sababu ndicho kilichobaki. Kama moshi ule ulikuwa bado na sumu niliyoitafuta, dawa ilipaswa kuwa ya rangi ya waridi kabla mtu hajamaliza kukohoa. Ilibaki angavu kama maji ya chemchemi.

Ofisa aliondoa leso. "Hongera, Ndugu Mwalimu," alisema. "Moshi umesafishika. Nilikuahidi, na mimi si mtu wa maneno mawili."

Furaha niliyoipata pale haikudumu hata mpaka chakula cha mchana. Lakini kwanza nieleze mtu wa maabara alifikaje katika chumba cha mashine ya kijiji, Muleba, akiwa ameshika kichupa kama mganga.

Niliondoka Bukoba miaka michache baada ya uhuru, mmoja wa vijana waliopelekwa nje kusomea sayansi. Baada ya shahada nilipata nafasi katika maabara ya nchi moja ya baridi, ambako viwanda vilikuwa vimeziba anga mpaka watoto walikwenda shule wamefunika midomo. Kazi yetu ilikuwa kupambana na sehemu moja ya moshi ule. Watu wengi hudhani sumu yote hutoka kwenye mafuta. Nyingine hutoka kwenye hewa yenyewe: katika joto kali, naitrojeni na oksijeni ya hewa huungana, na muungano wao huchoma mapafu. Ukiuongezea amonia, muungano huo huvunjika na kurudi kuwa hewa ya kawaida na mvuke wa maji. Tatizo ni kwamba vitu hivi viwili vikikutana peke yao ndani ya bomba, hupishana kama wageni njiani. Panahitajika kitu cha tatu kinachoitwa kichocheo. Nilipofundisha darasani nilikiita mshenga: anawakutanisha, wanakubaliana, naye anaondoka vile vile alivyokuja, hakuongezeka wala hakupungua. Tulikuwa tukimtafuta mshenga aliye bora, na siku nyingine tuliona tumekaribia.

Kisha baba akafariki. Nilirudi kumzika, na kwa udadisi wangu nilibeba chupa ya kahawia ya ile dawa ya kupimia ili nipime moshi wa meli njiani. Nilikusudia kukaa mpaka matanga yaishe. Kiongozi wa maabara aliniambia nafasi yangu itanisubiri, ila si milele.

Nilipokwenda mjini kuomba ruhusa ya kutoka tena, niliambiwa kwamba nchi ina upungufu mkubwa wa walimu wa sayansi, na kwamba mimi nilisomeshwa kwa jasho la wakulima wa kahawa. Yote mawili yalikuwa kweli. Pasi yangu ikaingia katika droo ya ofisi, nami nikapangiwa shule ya sekondari Muleba.

Mama yangu, aliyekuwa akiishi Hamugembe, pale Bukoba, katika kibanja cha migomba alichoacha baba, hakuona msiba wowote katika jambo hilo.

"Kwani huko ulikuwa unafanya nini?" aliniuliza akimenya ndizi.

"Tunasafisha moshi, mama."

"Moshi huondoka wenyewe."

"Wa viwanda hauondoki."

"Basi wavizime." Akatupa ganda. "Kibanja cha baba yako nani atakipalilia? Migomba hujua mwenyewe akiwa hayupo. Tazama ile, imeanza kuinama."

Shule ilikuwa juu ya mgongo wa kilima. Upande mmoja kulikuwa na rweya, yale majani matupu yasiyofaa kwa migomba, na upande wa pili ziwa, mbali chini. Siku zisizo na ukungu niliweza kuiona meli ikitoka bandari ya Kemondo kuelekea Mwanza. Wanafunzi wangu walijifunza mapema kutoniuliza swali wakati meli inapita.

Chini ya shule palikuwa na kijiji kilichopangwa upya, na fahari ya kijiji ilikuwa mashine ya kusaga. Ilifungwa katika ghala la zamani la kahawa, jengo imara lenye dirisha moja, na dirisha hilo lilikuwa limezibwa kwa matofali. Bomba la moshi lilitoka nje kidogo tu, likaishia chini ya paa. Upepo wa ziwani ulipovuma, moshi wote ulirudi ndani kupitia mlangoni. Aliyeumia zaidi alikuwa mama mmoja mjane aliyeajiriwa kumimina mahindi na muhogo katika mdomo wa mashine. Alikuwa na kikohozi kikavu. Akianza, wanawake waliopanga foleni nje walinyamaza mpaka amalize, kama watu wanaopisha jeneza.

Nilimwendea mwenyekiti wa kijiji. Nilimwomba arefushe bomba.

"Bomba halipo, Mwalimu. Tumeagiza. Hata misumari tumeagiza."

"Basi zibua dirisha."

"Dirisha lile ni mlango wa wezi. Mkanda wa mashine ukiibiwa utausuka wewe kwa magome ya migomba?"

Wazee waliokuwa naye walicheka, nami nikaondoka.

Muda mfupi baadaye ofisa kutoka mkoani alikuja kukagua shule. Ulikuwa wakati wa elimu ya kujitegemea, na kila mwalimu alitakiwa kuonyesha mradi. Nilipata nafasi ya kuongea naye uwanjani, nikamweleza habari ya maabara na ombi langu la kurudi. Alisikiliza vizuri. Alikuwa mtu mwema, na jambo hilo ni muhimu kulisema, maana hadithi za aina hii hupenda kumfanya ofisa kuwa mbaya.

"Wenzako wana bwawa la samaki," alisema. "Yule wa kilimo ana nguruwe. Wewe una nini?"

"Nina moshi, mzee."

Alicheka. Kisha akasema jambo nililolibeba usiku na mchana baada ya hapo. "Nionyeshe kwamba elimu yako ya moshi inamsaidia mwanakijiji mmoja. Mmoja tu. Nikiona kwa macho yangu, nitapendekeza ukamalize masomo yako. Bila hivyo nitaandika nini? Kwamba unapenda baridi?"

Kwa hiyo nikaanza kutengeneza mtego wa moshi ambao ungenitoa mimi mwenyewe mtegoni.

Katika maabara tulitumia madini ambayo hapa yangehitaji fedha za kigeni. Lakini tuliwahi kujaribu chuma kilichopata kutu, tukakiweka kando kwa sababu kilifanya kazi kivivu na kwa moto mkali tu. Moto mkali nilikuwa nao, pale bomba linapotoka kwenye injini. Na chuma nilijua kiliko. Shangazi yangu alikuwa na kibanja karibu na Kemondo, katika ardhi ambako zamani watu wetu waliyeyusha chuma kwa tanuri za udongo. Mabaki ya tanuri, yale mawe meusi yenye matundu ambayo huitwa mavi ya chuma, yalikuwa yamejaa kati ya migomba yake.

"Unayataka haya?" shangazi aliuliza. "Chukua yote, Mungu akubariki. Yamenivunjia majembe tangu nimeolewa." Aliponiona nayachagua moja moja na kuyanusa, alimgeukia jirani yake akasema kwa Kihaya, kwa sauti ambayo hakujaribu kuipunguza: "Masomo yakizidi huwa hivi."

Niliyaponda, nikayachekecha, nikayachoma upya katika tanuri ya kuokea mikate ya shule, nikayajaza katika kopo la bati lenye matundu. Kopo hilo nililifunga ndani ya bomba, mahali penye joto zaidi. Ilibaki amonia. Mbolea yenye amonia ilikuwa ya kahawa na haikugawiwa walimu wenye mawazo. Nikageukia mkojo wa ng'ombe, ambao ukikaa siku kadhaa huchacha na kutoa amonia inayotoa machozi. Yule mama mjane alikuwa na ng'ombe mmoja. Tuliweka chungu cha mkojo huo kando ya bomba ili kipate uvuguvugu, nikakifunika, nikaziba ukingo kwa udongo, na kwa pampu ya baiskeli na mpira mwembamba nikawa nasukuma ile hewa kali ya chungu iingie ndani ya bomba kabla moshi haujafika kwenye kopo.

"Mwalimu, hiki chungu kinanuka," aliniambia.

"Hata dawa hunuka, mama."

"Ego, ndiyo, lakini dawa humponya mtu. Hii inamponya nani?"

"Wewe. Kazi yako ni moja tu: chungu kisikauke."

Hilo ndilo agizo nililompa. Chungu kisikauke. Nimelirudia kichwani mara nyingi, na kama agizo halina kosa: ni fupi, linaeleweka, na alilitimiza.

Shida yangu kubwa ilikuwa dawa ya kupimia. Ilikuwa imekaa katika kabati la shule tangu nifike, pasipo jokofu, na kila kipimo kilikula kijiko. Nilijibana mpaka vikabaki vijiko viwili, nikavitunza kwa siku ya ofisa: kimoja kipime moshi mchafu, mbele yake, kigeuke waridi, cha pili kipime moshi uliopita kwenye kopo. Bila cha kwanza, cha pili hakina maana. Mtu yeyote wa maabara anajua hilo.

Mkuu wa shule hakuwa mtu wa maabara. Wiki moja kabla ya ugeni alitaka aone mwenyewe.

"Siwezi kumleta mgeni kwenye jambo ambalo sijaliona," alisema. "Je, likilipuka?"

"Halilipuki, Mwalimu Mkuu. Na dawa ni kidogo."

"Kidogo hicho hicho."

Sikuweza kumkatalia. Nilimpimia moshi mchafu. Dawa iligeuka, lakini waridi yake ilikuwa hafifu sana, kama maji ya kusuuzia kitambaa chekundu. Yeye aliridhika. Mimi sikulala vizuri. Huenda siku hiyo injini haikuwa na mzigo, maana walisaga debe moja tu la muhogo. Huenda dawa ilikuwa inakufa.

Siku ya ugeni nilifika mashineni nikakuta sakafu nzima imetandikwa majani mabichi, kama nyumba inayongojea mkwe. Fundi wa injini alikuwa akinung'unika kwamba cheche moja itatuchoma sote. Yule mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, anakohoa na kutabasamu. Niliona majani, nikamshukuru. Sikufikiria zaidi ya majani. Kuhusu harufu, pua yangu ilikuwa imeishi na chungu kile muda mrefu kiasi kwamba haikuwa tena na ushahidi wa kutoa.

Ofisa akaingia, injini ikawashwa, mahindi yakamiminwa. Nikasukuma pampu, nikavuta moshi, nikaupitisha kwenye kijiko cha mwisho. Maji hayakugeuka rangi. Na ofisa akasema aliyosema.

Walitangulia kwa mkuu wa shule kula. Mimi nilibaki kufungua mipira. Yule mama alikaa juu ya gunia, akasubiri niwe peke yangu.

"Mwalimu, umeona nilivyokupangia?"

"Nimeona, mama. Majani ni mazuri sana."

"Majani tu? Hujaona chungu?" Alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi. "Ule mkojo uliooza niliumwaga, waitu," alisema kwa lile neno letu la heshima. "Nikakisugua chungu, nikatia wa leo asubuhi, ukiwa bado na joto, nikakiziba kama ulivyokuwa unaziba wewe. Ungewaonyesha wageni kitu kilichooza? Sisi kwetu hata kibuyu cha maziwa huoshwa kwa mkojo wa wakati huo huo. Uliolala ni wa kutupa."

Nikavunja udongo, nikafunua. Harufu iliyotoka ilikuwa ya zizi safi la asubuhi. Hakukuwa na amonia ya kuliza hata inzi.

Sikumkemea. Nilimwambia wakola, asante kwa Kihaya, naye akaitikia, akaanza kukusanya majani. Nilibaki nimeshika kifuniko, nikipanga mambo katika safu, kama nilivyofundishwa. Bila amonia, kopo halikuwa na kazi ya kufanya, na moshi ulipaswa kuwa mchafu. Kwa nini basi maji yalibaki angavu? Pengine dawa ilikuwa imekufa, na isingegeuka hata kwa moshi wa jehanamu. Pengine mavi ya chuma yalikuwa yamenyonya amonia ya siku zilizopita na kuihifadhi, yakaitoa polepole wakati moshi unapita; tuliwahi kuliona jambo hilo katika maabara. Kama ni hilo, basi mawe ya shangazi yangu yalikuwa bora kuliko tulivyodhani. Kipimo kimoja zaidi kingenionyesha. Dawa ilikuwa imekwisha.

Njia ya kutoka mashineni hadi nyumba ya mkuu wa shule ni fupi na ya kupanda. Niliipanda nikijua kwamba nikinyamaza nitaondoka. Nilijua pia jambo la pili. Ofisa akiandika kuwa moshi wa chumba kile ni safi, hakuna mtu ambaye angeligusa tena lile dirisha. Mama yule angeendelea kuuvuta kwa kibali cha serikali.

Walikuwa wamekwisha kunawa. Mezani kulikuwa na ndizi zilizopikwa na samaki, na ofisa alikuwa anawasimulia walimu habari za kichupa. Nikasema nilichokikuta.

"Kwa hiyo," aliuliza taratibu, "ilifanya kazi au haikufanya?"

"Sijui, mzee."

"Mimi siwezi kuandika sijui, Ndugu Mwalimu. Rudia mbele yangu hata kesho, nitalala hapa."

"Dawa ya kupimia imekwisha."

"Agiza nyingine. Inapatikana wapi?"

"Kule."

"Kule wapi?"

"Kule ninakoomba ruhusa ya kwenda."

Meza nzima ikacheka, na ofisa ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akajifuta macho kwa ile leso yake. Nami nilicheka. Ilikuwa haiwezekani kutocheka. Mkuu wa shule alinisogezea sahani akaninong'oneza: "Si ungekula kwanza?"

Kabla ya kuondoka, ofisa alimwita mwenyekiti wa kijiji, akamwambia kwamba kama moshi haujulikani kuwa safi, basi dirisha lifunguliwe. Lilifunguliwa wiki ile ile na kuwekewa nondo za kitanda cha zamani. Kikohozi cha yule mama kilipungua, ingawa hakikuisha. Mradi wangu ukafungwa kwa sababu haukuhitajika tena. Nafasi ya maabara ilinisubiri kwa muda, halafu haikunisubiri. Pasi niliikuta katika droo ile ile miaka mingi baadaye, tarehe zake zimepita, picha ikiwa ya kijana ambaye wanafunzi wangu hawakumtambua.

Lipo jambo moja ambalo sikulisema mezani kwa sababu lilikuwa bado halijatokea. Kichupa nilikiweka katika mfuko wa shati, kimezibwa kwa kipande cha gome la mgomba. Jua lilipokuwa linashuka nilikaa barazani kwangu nikakitoa, nikakiinua nikitazama. Maji yalikuwa na rangi kama ya waridi. Lakini jioni ile kila kitu kilikuwa na rangi hiyo: ukuta, kucha zangu, vumbi la barabarani, ziwa lote mpaka upeo. Nikakiingiza ndani, ndani kulikuwa na giza, na taa yangu ya kibatari hugeuza kila kitu kuwa cha manjano. Nikaamua kungoja mwanga wa asubuhi, nikakiweka dirishani. Gome lilikuwa limelegea. Asubuhi kichupa kilikuwa kimelala ubavu, kikavu.